Tani si lita, jamani!

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Si mara moja wala mbili utakuta habari inayosema meli imetia nanga Dar es Salaam na maelfu ya tani za petroli. Aya mbili mbele, tani zimegeuka lita kwa hesabu ya mkato: tani moja, lita elfu moja. Nani kasema? Hiyo ni hesabu ya maji! Petroli ni nyepesi. Lita moja ina kilo 0.74 hivi, kwa hiyo tani moja ni lita kama 1,350. Dizeli ni nzito zaidi, kilo 0.84 hivi kwa lita, na tani yake ni kama lita 1,190. Chukua meli yenye tani 40,000 za petroli. Kwa hesabu ya mkato ni lita milioni 40, kumbe ni milioni 54. Lita milioni 14 zimeyeyukia kwenye kalamu, halafu tunajiita mhimili wa nne!

Ukilalamika chumba cha habari unajibiwa, "Wewe nawe! Msomaji anataka bei tu, hesabu waachie wataalamu."

Haya, twende kwa wataalamu. Julai 23, 1983, ndege ya Air Canada, Boeing 767, ilitoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Geji za mafuta hazikuwa zikifanya kazi, ikabidi wapime kwa kijiti. Kijiti kinatoa sentimita, sentimita zinageuzwa lita, lita zinageuzwa kilo. Waliteleza kwenye ngazi ya mwisho. Tenki zilikuwa na lita 7,682, wakazidisha kwa 1.77 wakidhani wanapata kilo. Namba hiyo ni ya ratili! Ya kilo ni 0.8 hivi. Safari ilitaka kilo 22,300, ndege ikaruka na chini ya nusu yake huku karatasi zikisema mambo safi. Injini zote mbili zikazimika angani. Bahati yao, rubani Robert Pearson alikuwa mzoefu wa ndege zisizo na injini. Akaiteremsha kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, na watu wote 69 wakapona.

Kuzidisha kwao kulikuwa sahihi kabisa. Kilichokosewa ni neno linalofuata namba.

Sasa mtu aniambie hilo ni dogo. Mwananchi akisoma kiasi cha mafuta kilichopo nchini, anataka kujua kitatosha siku ngapi. Ukimpunguzia lita kwa uvivu wako, unampeleka foleni na madumu, na walanguzi wanachekelea. Mfanyabiashara hakosei hesabu hii hata usingizini, maana ananunua kwa tani na kuuza kwa lita. Anayekosea ni sisi tunaojidai kumchunguza!

Kwa hiyo nasema hivi: mwandishi asiyetaja ni mafuta gani, kwa kipimo gani, na kayageuza kwa namba ipi, habari yake irudishwe mezani. Calculator ipo hata kwenye simu ya bei rahisi. Kisingizio hakuna.

Naomba kuwasilisha.