Makaburi ya Wazee Yanaliwa na Muhogo

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu makaburi ya zamani ya huku ufukoni mwa Ziwa Nyasa, sehemu iliyokuwa Wilaya ya Mbinga hadi ilipozaliwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012.

Kaburi la Padri William Percival Johnson, mmisionari Mwingereza aliyefariki Liuli mwaka 1928, linajulikana, na ni haki yake. Lakini waliompigia kasia, na waliomfundisha lugha hata akaitafsiri Biblia kwa Kinyanja, wamelala wapi?

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita kwenye makaburi ya kijiji chetu wakanakili majina. Tulirudi na majina 11 tu. Misalaba ya mbao imeliwa na mchwa, na upande wa ziwani shamba la muhogo limeingia ndani. Bibi mmoja alisimama karibu na mwembe, akasema: "Mwalimu, baba yangu yuko hapa, tuta la tatu." Watoto walicheka, kisha wakanyamaza.

Nilipokuwa chuo cha ualimu Iringa niliyaona makaburi ya askari wa vita vya 1914-1918, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Nyasi zimekatwa, kila jiwe na jina lake. Wapagazi wetu waliokufa katika vita hivyo hivyo hawana hata kijiti.

Wapo watakaosema Serikali ishughulike. Ndugu zangu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo na kazi za mikono za kabla ya 1863. Ya baada ya hapo hungoja tangazo la Waziri. Tukingoja, muhogo utavunwa mara ngapi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaturuhusu wenyewe: halmashauri ya kijiji ipendekeze eneo la jumuiya, mkutano mkuu uidhinishe. Basi tupime, tupande minyaa mpakani, na aliyelima avune kilichopo asipande tena. (Namfahamu, watoto wake nawafundisha, na barua hii ataisoma.)

Wanafunzi wamekwisha fungua daftari la majina. Wazee wanaojua nani kalala wapi wamebaki wachache, na mmoja wao alifariki mwezi uliopita kabla hatujafika kwake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Nyasa, Ruvuma.