Nguo ya Amerikani na Nyumba Ilikofumwa



Juma lililopita tulimzika bibi mmoja wa kigango chetu. Kabla ya kufa aliwausia wanawe, "Sanda yangu iwe ya amerikani." Wajukuu walitazamana, maana hawakujua ni nguo gani. Mzee mmoja akawaambia ni ile nguo ya pamba nzito, rangi ya maziwa, isiyotiwa dawa ya kuing'arisha. Baada ya maziko kijana mmoja akaniuliza, "Karani, jina hilo lilitoka wapi?" Nilimwahidi kumjibu hapa gazetini.

Nguo hiyo iliitwa amerikani kwa kuwa ilitoka Marekani kwelikweli. Mwaka wa 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani, na mwaka wa 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja. Yeye alikuwa mtu wa Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Merikebu za Salem zilileta nguo, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi iliyochimbwa pwani yetu. Huku bara nguo hiyo ilitumika kama fedha. Wapagazi walilipwa kwa shuka ya mikono minne au doti ya mikono minane, na watemi walipewa hongo kwa nguo hiyo hiyo.

Mwanzoni nguo hizo zilifumwa katika viwanda vya miji mingine ya Massachusetts, vilivyoendeshwa kwa nguvu za mito. Salem haikuwa na maporomoko makubwa ya maji, na bandari yake ilikuwa na kina kifupi, hata merikebu kubwa zikawa zinakwenda Boston na New York. Watu wa Salem wakaona wakikaa hivyo watafilisika. Mwaka wa 1839 wakaunda kampuni ya Naumkeag, wakajenga kiwanda ufukoni kiendeshwe kwa mvuke. Makaa ya mawe yaliletwa kwa merikebu. Mwaka wa 1847 kazi ikaanza, na nguo zake zikapendwa sana Unguja.

Hapa, ndugu msomaji, tusifiche neno. Pamba ile ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Ikafumwa Salem, ikauzwa Unguja, na huku kwetu ikanunua pembe za ndovu, na mara nyingine ikanunua watu. Nguo ilikuwa nyeupe, lakini njia yake haikuwa safi. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, ya mwaka 1861 hadi 1865, iliikatiza pamba hiyo. Bei ikapanda mno, na nguo za Uingereza na za Bombay zikashika soko letu. Jina tu likabaki.

Kiwanda hakikufa. Kiligeukia shuka za kitandani, zikajulikana kwa chapa ya Pequot. Wafanyakazi walitoka Ireland, kisha kwa wingi kutoka upande wa Wafaransa wa Kanada, tena na Poland. Wengi walikuwa Wakatoliki, na Wafaransa hao walijenga kanisa lao la Mtakatifu Yosefu karibu na kiwanda. Tarehe 25 Juni 1914 moto ulianzia katika kiwanda cha ngozi, ukala sehemu kubwa ya mji. Kiwanda kikaungua, na kanisa pia, na maelfu ya watu wakalala nje. Vyote viwili vikajengwa tena.

Mwaka wa 1933 wafanyakazi waligoma kwa majuma mengi, kwa sababu kila mmoja alikuwa akiongezewa mashine za kuangalia, huku wenzake wakipunguzwa. Baba Mtakatifu Leo wa 13 alikuwa amekwisha kufundisha mwaka wa 1891 kwamba mfanyakazi si chombo, na kwamba mshahara umtoshe kuishi. Walakini, mwaka wa 1953 kampuni ilifunga milango Salem, ikahamishia kazi Carolina Kusini, kwenye gharama ndogo. Mashine zilihamishwa, lakini watu waliachwa.

Majumba yale ya matofali hayakubomolewa. Mwenye mali mwingine aliyanunua akayagawa vyumba vyumba kwa kupangisha. Zikaingia ofisi, karakana, na hata shule. Lakini kanisa la Mtakatifu Yosefu lilifungwa mwaka wa 2004, baadaye likabomolewa, na mahali pake pakajengwa nyumba za watu wenye kipato kidogo. Sielewi bado kama nisikitike au nifurahi. Nadhani Mtakatifu Yosefu, aliyehangaika kutafuta pa kulala Bethlehemu, hakukasirika.

Sasa tugeukie kwetu. Vijiji vingi vina ghala la pamba la zamani au kinu kisichofanya kazi. Usiku mabati yanang'olewa, mchana kila mtu anasema, "Si langu." Ukuta mzima ni akiba. Kinamama wangeweza kushonea humo, na vijana kujifunza useremala. Ulizeni kwanza ni mali ya nani, kubalianeni kwa maandishi, kisha zibeni paa kabla ya masika.

Tena, andikeni majina ya waliofanya kazi humo, wangali hai. Bibi yule, nilipolifungua daftari la ubatizo, niliona baba yake ameandikwa: mpagazi. Yamkini alilipwa kwa amerikani. Wajukuu wake hawakujua. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je?

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.