Kusema juu ya kifo si kukiita

Huku kwetu Bukavu, mtu akianza mbele ya jamaa, «Siku nitakapokufa…», wote wanamkatiza: «Nyamaza, usiite kifo!» Mazungumzo yanaisha papo hapo. Halafu wanatuambia eti ni desturi ya wazee. Sisi tunakataa.

Wazee wa Bushi hawakuwa na karatasi. Shamba lilipatikana kwa kalinzi: ng'ombe anatolewa kwa mwami ao kwa chifu wake, mashahidi wakiona, na mapatano yote yanabaki mu vichwa vya watu. Kama baba angenyamaza mpaka kufa, mtoto angejua namna gani mpaka uko fasi gani, na ng'ombe gani iko kwa jirani? Mzee akiona nguvu zinamwisha, aliita watoto, akasema mipaka, madeni, na nani atakaa pa nafasi yake.

Kunyamaza tumejifunza sisi. Na muangalie kunasaidia nani: si mjane, ni wale wanaofika kwenye kilio na kuuliza funguo mbele hata sanduku halijaingia udongoni. Sisi walimu tumeona watoto wakitoka masomo katikati ya mwaka sababu baba zao wadogo wameuzisha parseli.

Hata hospitalini ni vile. Daktari anaita kaka mkubwa pembeni, anamwambia ukweli. Mgonjwa mwenyewe anaambiwa «utapona tu». Anakufa bila kusema anataka kuzikwa wapi. Na kwa sababu ugonjwa haukutajwa, watu wanatafuta mchawi, na mjane njo wa kwanza kunyooshewa kidole.

Lakini Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, iko wazi. Watoto wanapata robo tatu ya urithi. Mjane anabaki na haki ya kutumia nyumba aliyokaa na bwana yake. Testama inakubaliwa: ya kwa notari, ao ile uliyoandika yote kwa mkono wako, na tarehe na sahihi. Hata ya kinywa iko, kifo kikiwa karibu, mbele ya mashahidi wawili. Kwa ile ya mkono, karatasi moja ya daftari inatosha.

Wengine wanajibu: mtoto akijua atarithi nini, atakuloga. Mtoto wa namna ile anahesabu mabati yako tangu zamani! Anayebaki gizani ni bibi yako. Na isisemwe ni mambo ya matajiri: nani nyumbani anajua deni lako la duka, ao zamu yako ya likelemba?

Noeli, jamaa nzima ikikutana kijijini kwa nyama, njo saa ya kusema. Atakayekatiza, mumuulize kwa upole makaratasi ya parseli yake yako wapi, na nani mwingine anajua.