Barua ya Wazi kwa Maaskofu Wetu Kuhusu Shule za Kutwa

Kwa Wahashamu Baba Maaskofu,
Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya.



Nawaandikia nikiwa muumini na mzazi mwenye mtoto katika shule ya upili ya kutwa inayofadhiliwa na Kanisa. Mema mliyotenda tunayaona. Shule iliyokuja kuitwa Mang'u ilianzishwa na wamisionari kule Kabaa mwaka 1925, na hadi leo madarasa mengi ya umma yamesimama juu ya ardhi ya parokia.

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa mfadhili wa shule sauti katika mtaala, uwakilishi kwenye bodi, na malezi ya kiroho. Mwishoni kinamtaka pia asaidie kwa fedha na majengo. Bodi inapoundwa, nafasi tatu za mfadhili hazikosi watu. Mwalimu mkuu akiletwa bila Kanisa kushauriwa, tunalalamika, na tuna haki. Lakini lile la fedha na majengo, katika shule nyingi za kutwa, halina anayelitaja.

Njooni saa saba mchana, Baba Maaskofu, wala msitoe taarifa. Githeri inapakuliwa, na karani amesimama kando ya sufuria na orodha ya waliolipa. Asiyekuwemo hubaki darasani akijifanya anamalizia kazi, au huenda mferejini akanywa maji mengi. Saa nane anakaa dawati moja na aliyeshiba, wafanye hesabu. Mgao wa serikali uliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nao huja kwa vipande; chakula cha mchana ni mzigo wa mzazi, na wapo wazazi ambao kwa kweli hawana.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake kuhusu elimu, uliwasihi wachungaji na waumini wasiache kujitolea kwa ajili ya shule za Kanisa, hasa kwa kuwajali maskini na wasio na msaada wa familia. Ndio hawa wanaokosa githeri.

Naomba kila jimbo litenge Jumapili moja kwa mwaka, mchango wa pili uwe wa shule za kutwa, na uanze na chakula. Kuchanga tunajua, bahasha za Kwaresma hupita katika kila jumuiya ndogondogo. Hesabu isomwe kanisani: shule gani, imepata kiasi gani. Wawakilishi wenu watatu katika kila bodi wamletee Katibu wa Elimu wa Jimbo, kila muhula unapoanza, idadi ya watoto wasiokula mchana, wawe Wakatoliki au la. Majina yao yasitangazwe popote.

Januari shule zikifunguliwa, tunaomba idadi hiyo iwe mezani penu.

Wenu katika Kristo,
Mzazi na muumini