Maumivu Si Nidhamu

Pale Toi hakuna mtu hununua kiatu bila kukijaribu. Unakivaa, unatembea hatua tatu, kikibana unakirudisha. Sasa nani aliamua fidla ni tofauti?

Kibera na Kawangware nimeona watoto wa miaka minane wakipewa fidla ya 4/4, saizi ya mtu mzima, kwa sababu ndiyo ilikuja na msaada. Bega linapanda hadi sikioni, shingo inapinda, kidole cha mwisho hakifiki kwa waya. Mtoi akilalamika anaambiwa avumilie, eti muziki ni nidhamu. Hiyo si nidhamu, buda. Hiyo ni saizi mbaya.

Fidla huwa na saizi: 1/4, 1/2, 3/4 hadi 4/4. Kupima hakuhitaji digrii, na mimi sina. Mtoto aiweke begani, anyooshe mkono wa kushoto chini yake. Kichwa cha fidla kikivuka katikati ya kiganja, ni kubwa. Ikiteleza begani, kata kipande cha sponji ya godoro, ukifunge nyuma yake kwa raba.

Orutu ya Wajaluo huegemezwa tumboni, na bado hakuna anayesema huo si muziki kwa kuwa mchezaji haumii shingo.

Wafadhili, ulizeni saizi kabla ya kutuma. Walimu, heri watoto wawili wagawane 1/2 moja kuliko kila mmoja aumie na yake. Mkiambiwa mshukuru kwa chochote, jibuni: mwomba chumvi huombea chungu chake.