Mpira usioshika moto upesi, na sumu iliyomo

Tazama nyumbani kwako: mpira wa gesi jikoni, zulia lenye mpira chini, ndala mlangoni. Mpira ukishika moto hauzimiki upesi, na moshi wake mweusi ndio unaotangulia kuua. Wengi wanaofia katika moto wa nyumba huuawa na moshi wenye kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, kabla ya mwali kuwafikia.

Viwanda huchanganya dawa za kuzuia moto katika mipira, plastiki na sponji. Kwa miaka mingi zilitumika sana zile zenye bromini. Moto zinapunguza, lakini hutoka kidogo kidogo, zikaingia katika vumbi la nyumba, na mtoto anayetambaa ndiye anayelilamba. Zimekutwa hata katika maziwa ya mama! Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, uliziweka baadhi katika orodha ya kemikali za kuachwa mwaka 2009, na nyingine mwaka 2017. Vifaa vya zamani bado tunavyo majumbani.

Sasa watafiti wamegeukia mimea. Pumba za mpunga zina asidi ya faitiki, yenye fosforasi nyingi. Ikipata joto husaidia kujenga tabaka la mkaa juu ya mpira, na tabaka hilo huzuia joto na hewa kupenya. Subhanallah, pumba hizi hizi tunazowapa kuku!

Naunga mkono jambo hili, ila neno "asili" lisitupumbaze. Mpira wa asili nao ni utomvu wa mti, na unawaka vizuri sana. Isitoshe, ukizidisha mchanganyiko, mpira unaweza kupoteza nguvu, na mpira wa gesi unaopasuka ni balaa jingine. Kwa hiyo bidhaa ipimwe moto wake, moshi wake na uimara wake, ndipo tuambiwe ni salama.

Wakati tunasubiri, ndugu yangu, acha kuwashia jiko la mkaa kwa vipande vya ndala au tairi. Mtume (SAW) ametuagiza tusiache moto ukiwaka tunapolala, basi funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Kunja mpira wake uutazame. Ukiona nyufa, nunua mwingine. Ukihisi unavuja, paka povu la sabuni uone kama linatoa mapovu. Usijaribu kwa kiberiti.