Taa ya Oili Ikiwaka, Fundi Apime Kwanza

Kati ya Arua na Koboko, katika West Nile ya Uganda, pana mwendo wa kiasi cha kilometa 55. Tangu barabara hiyo ilipotiwa lami katika miaka ya 2010, gari kuukuu la dizeli laweza kukimbizwa mwendo mzima bila kupumzika, limesheheni abiria na magunia. Hapo ndipo uchovu wa injini unapojitokeza. Gari lisimamapo Koboko, injini ikiwa moto na ikinguruma taratibu, taa nyekundu ya oili huanza kumeta.

Kwa jamaa wengi gari kama hilo ndilo shamba na ndilo duka. Kulipata jingine si rahisi, kwani sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza nchini magari mengi yaliyopita umri wa miaka 15. Kwa hiyo yampasa mwenye gari kujua taa hiyo inasema nini, kabla hajafungua mkoba wala fundi hajafungua injini.

Presha ya oili haizaliwi na pampu peke yake. Pampu huvuta oili kutoka katika sampu na kuisukuma kwenye mianya baina ya krenkishafti na beringi zake, mianya isiyofikia sehemu ya kumi ya milimita. Wembamba huo ndio uletao presha, kama vile mpira wa kumwagilia bustani unavyorusha maji mbali pale ncha yake inapobanwa kwa kidole. Mianya ikipanuka kwa kulika, au oili ikiwa nyepesi mno, presha hushuka.

Jambo la kwanza ni kuzima injini papo hapo. Kilometa chache za kujikokota hadi gereji zatosha kuunguza beringi na kuifanya injini inoki. Gari likiwa mahali tambarare, dereva angoje dakika kama kumi, kisha atazame kijiti cha kupimia oili. Ikiwa imepungua, aongeze na kutafuta panapovuja. Ikiwa imezidi na yanuka dizeli, basi dizeli inapenya ndani na kuizimua. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na gari lisiwashwe tena.

Kiasi kikiwa sawa, fundi apime. Taa huweza kusema uongo kwa sababu ya swichi mbovu au waya uliochubuka. Swichi hiyo hufunguliwa, na mahali pake hufungwa geji ya mkono yenye mpira wake, injini ikiwa imeshika moto kamili. Katika vitabu vya injini kadhaa za zamani za dizeli za Toyota na Mercedes-Benz, hata bar 0.3 yakubaliwa wakati mafuta hayajakanyagwa; lakini katika mizunguko 3,000 kwa dakika hutarajiwa bar 2.5 hadi 3 au zaidi. Kila injini ihukumiwe kwa kitabu chake.

Geji ikionyesha presha nzuri, kosa ni la swichi au waya. Presha ikiwa nzuri asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ikaporomoka injini ipatapo moto, aghalabu beringi zimelika au oili ni nyepesi mno. Ikiwa haipandi hata mafuta yakikanyagwa, yafaa kushuku chujio la ndani ya sampu lililoziba, vali ya kupunguza presha iliyokwama wazi, au pampu yenyewe.

Kabla ya kufungua sampu, oili na filta zibadilishwe kwa aina iliyotajwa kitabuni, kisha ipimwe tena. Wako wanaomimina oili nzito kupita kiasi ili taa izimike. Taa huzimika kweli, lakini beringi hazikupona. Na oili nzito huchelewa kufika juu ya injini wakati wa kuwasha asubuhi. Mnunuzi wa gari kuukuu na ajihadhari na hila hiyo: apime injini ikiwa moto, si baridi.

Sampu ikishafunguliwa, chujio lisafishwe, vali ikaguliwe, na beringi zitazamwe moja moja. Zikigunduliwa mapema, huenda zikabadilishwa zenyewe tu. Zikicheleweshwa, krenkishafti hukwaruzika, ikalazimu kusagwa na kutiwa beringi za saizi nyingine. Na hapo gharama hupanda mara nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo mwenye gari asikubali injini ishushwe kwa kukisia. Na adai aonyeshwe namba ya geji, aiandike katika daftari pamoja na tarehe na kilometa, na kuilinganisha kila oili inapobadilishwa. Namba inayoshuka kidogo kidogo humpa nafasi ya kuweka akiba ya beringi kabla gari halijamlaza njiani.